Mazoezi ya gitaa la jazi: sikio litangulie vidole

Mpiga gitaa anayeanza kujifunza jazi hukutana mapema na tatizo ambalo mpiga saksafoni halijui kwa kiasi hicho, nalo ni kwamba shingo ya gitaa huruhusu vidole kupiga muziki ambao sikio halijausikia. Umbo moja la skeli, yaani ngazi ya nota, likishakaririwa, mtu hulisogeza mbele freti mbili (vile vyuma vinavyoigawa shingo) na papo hapo akawa katika ufunguo mwingine, bila kujiuliza ni nota zipi anazozigusa. Kwa anayepiga rizimu urahisi huo ni neema. Kwa anayetaka kubuni solo papo hapo ni mtego, kwa sababu vidole huzoea njia zao, na solo ya leo hutoka ikiwa ile ile ya juzi hata kama wimbo ni mwingine. Ratiba ya mazoezi ninayoifuata, ambayo wenzangu wameniomba niieleze kwa maandishi, imejengwa juu ya jambo hilo moja: zoezi lisilolilazimisha sikio litangulie vidole nimeliondoa, hata kama linasifiwa vipi.

Nianze na shingo yenyewe. Nota ya E inayotoka kwenye uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko zote, ukipigwa wazi inapatikana tena, kwa kimo kile kile, kwenye freti ya 5 ya uzi wa pili, freti ya 9 ya uzi wa tatu, freti ya 14 ya uzi wa nne na, kama gitaa lina freti za kutosha, freti ya 19 ya uzi wa tano. Kwenye piano nota hiyo ina kitufe kimoja tu. Tena, nyuzi zetu hupishana kwa umbali wa nne kamili (freti tano), isipokuwa kati ya uzi wa tatu na wa pili, ambako umbali ni wa tatu kubwa (freti nne), kwa hiyo kila umbo linalovuka hapo hupinda kidogo na kumchanganya asiyejua sababu. Dakika 10 za mwanzo wa mazoezi nazitumia kuchagua nota moja, kuiimba, kisha kuitafuta kila mahali ilipo bila kuacha kuiimba. Ni zoezi la kuchosha, na sioni njia ya mkato.

Kiini cha mazoezi yangu ni bluzi ya vipimo 12 katika ufunguo wa F, kwa sababu mwendo wake ni mfupi, unajulikana na kila mpiga jazi duniani, na una kordi (nota kadhaa zinazosikika pamoja) chache za kutosha kumfundisha mtu kufuata mabadiliko. Kordi tatu za msingi ni F7, B-flati 7 na C7. Badala ya kukimbilia skeli, tafuta nota mbili tu katika kila kordi, yaani ya tatu na ya saba ukihesabu kuanzia nota inayoipa kordi jina, kwa kuwa hizo ndizo zinazotambulisha kordi hata mpiga besi asipokuwepo. Kwa F7, weka kidole kimoja kwenye freti ya 7 ya uzi wa nne, ambapo utapata A, na kingine kwenye freti ya 8 ya uzi wa tatu, ambapo utapata E-flati. Rudisha vidole vyote viwili nyuma kwa freti moja, na tayari umepata A-flati na D, ambazo ni ya saba na ya tatu ya B-flati 7. Ukitoka pale pa mwanzo na kuvipeleka mbele kwa freti moja, utapata B-flati na E, nota zinazoitambulisha C7. Bluzi nzima imekaa katika freti nne za nyuzi mbili.

Hapo ndipo wengi husimama, wakidhani zoezi limekwisha kwa sababu vidole vimelijua. Mimi naona ndipo linapoanza. Yeyote aliyewahi kuimba kwaya ya kanisani kwa nota za solfa ana silaha ambayo pengine hajui kwamba anayo, kwa maana katika ufunguo wa F ile A ni «mi» na ile E-flati ni «ta». Kordi inapohamia B-flati 7, «mi» inashuka nusu hatua kuwa «ma», na «ta» inashuka kuwa «la». Iimbe sauti ya chini peke yake katika vipimo vyote 12, kisha ya juu peke yake, gitaa likiwa limelala mapajani, na usiliguse mpaka koo liweze kuibadilisha nota pale pale kordi inapobadilika. Wapiga jazi huongeza kordi nyingine katika mwendo huo, hasa G ndogo ya saba katika kipimo cha 9, ikifuatiwa na C7 katika kipimo cha 10. Hapo B-flati inabaki mahali pake kwenye freti ya 8 ya uzi wa nne, na F iliyo kwenye freti ya 10 ya uzi wa tatu inateremka kuwa E: «do» inakwenda «ti», huku «fa» ikisubiri. Mwendo huo wa «do» kwenda «ti» umejaa katika nyimbo za jazi, na anayeusikia bila gitaa mkononi amevuka hatua kubwa.

Baada ya nota hizo mbili kuwa za kweli sikioni, naruhusu nota nyingine ziingie, lakini kwa masharti. Ninaweza, kwa mfano, kujizuia kupiga nje ya freti nne na nyuzi tatu kwa kipindi chote cha zoezi, au kujitaka kila kipimo kianze na ya tatu ya kordi iliyopo. Mtu aliyepewa shingo nzima hukimbia huku na huko. Aliyebanwa mahali padogo hulazimika kubadilisha mdundo, kurudia sentensi kwa namna nyingine, na kunyamaza inapobidi.

Kunyamaza ni somo lake lenyewe. Mpiga saksafoni anapoishiwa pumzi hukata sentensi, atake asitake, wakati sisi wa gitaa tunaweza kuendelea mpaka wasikilizaji wachoke. Charlie Christian, aliyezaliwa Texas mwaka 1916 na kukulia Oklahoma City, aliingia katika kundi la mpiga klarineti Benny Goodman mwaka 1939 na kuifanya gitaa la umeme lisimame mbele kama chombo cha solo, naye aliisikiliza sana saksafoni ya Lester Young. Ukimsikiliza kwa makini utasikia sentensi ndefu zinazotiririka nota moja moja, kisha pumzi, kisha sentensi nyingine inayojibu ya kwanza. Alifariki mwaka 1942 akiwa na umri wa miaka 25 tu. Zoezi nililolitoa kwake ni kupiga huku ninatoa pumzi polepole mdomoni na kuinua mkono wa kulia pumzi inapokwisha, hata kama sentensi imekatika mahali pabaya.

Kuiga solo za wakubwa ni sehemu ambayo nisingeipunguza hata siku zingekuwa fupi. Mpiga gitaa Wes Montgomery wa Indianapolis alijifunza solo za Charlie Christian kwa kusikiliza sahani za santuri, na alipopata kazi ya klabu kwa mara ya kwanza alipiga solo hizo alizozikariri, kwa kuwa nyingine hakuwa nazo. Ni huyo huyo ambaye baadaye alitambulika kwa sauti yake ya kipekee, akipiga kwa dole gumba badala ya kipande cha plastiki. Kwa hiyo simwamini anayesema kwamba kuiga kunaua ubunifu. Lakini kuiga kuna utaratibu wake. Ninachukua vipimo viwili tu, ninavisikiliza mpaka niweze kuviimba pamoja na rekodi, halafu bila rekodi, na baada ya hapo ndipo ninapotafuta nota kwenye shingo. Nikishazipata, ninazitafuta tena mahali pengine pa shingo ile ile, kisha katika ufunguo wa B-flati na wa E-flati, kwa sababu tarumbeta na saksafoni hupenda funguo hizo, na atakayekwenda kupiga na watu wa vyombo vya kupuliza akiwa amezoea E na A pekee atapata tabu. Karatasi zilizoandikwa tayari na mtu mwingine siziharamishi, ila ninaziangalia mwishoni, kuhakiki.

Kuhusu mdundo, nina neno kwa wenzangu tuliokulia kwenye dansi. Majina ya bendi kama Morogoro Jazz, Western Jazz na Tabora Jazz yasitudanganye: muziki wao ulikuwa dansi letu, wenye uhusiano wa karibu na rumba la Kongo na Kuba kuliko na jazi ya New York. Mkono wa kulia uliofunzwa na sebene, ile sehemu ya wimbo ambapo magitaa hutawala, una uthabiti ambao wanafunzi wengi wa jazi wangeuonea wivu, lakini sikio lililozoea kordi mbili au tatu zinazozunguka halijafundishwa kuwinda mabadiliko, na uzito wa pigo nao unakaa pengine. Dawa yangu ni metronomu, kifaa kinachogonga mapigo kwa mwendo usiobadilika. Naiweka kwenye 60, naichukua kila sauti yake kuwa pigo la pili na la nne, kwa hiyo wimbo unakwenda kwa mapigo 120 kwa dakika, na pigo la kwanza nalitafuta mwenyewe. Mwanzoni sikio hugeuza mambo na kuifanya sauti hiyo kuwa la kwanza na la tatu. Hilo likitokea, weka gitaa chini, hesabu kwa mdomo, piga makofi pamoja na metronomu, kisha urudi.

Mwisho wa kipindi ninapiga bluzi yote mara kadhaa bila kusimama na bila kujisahihisha, simu ikirekodi. Sisikilizi usiku huo huo, kwa sababu vidole bado vinakumbuka vilichokusudia na huliziba sikio lisisikie kilichotoka. Kesho yake nasikiliza nikiwa sina gitaa, nikitafuta jambo moja tu: je, mtu asiyesikia kordi angeweza kuzitambua kutokana na solo peke yake? Pale ambapo jibu ni hapana, kipimo hicho ndicho kinachoanza mazoezi ya siku hiyo.

Yote haya yanahitaji karibu saa moja, na najua kwamba mwenye kazi na familia haipati kila siku. Siku ambayo nina robo saa tu siugawi muda vipande vipande. Ninaacha shingo, ninaacha kuiga, ninaacha kurekodi. Nachukua gitaa la umeme bila kuliunganisha na amplifaya ili nisiwaamshe walio ndani, nawasha metronomu kwa sauti ndogo kwenye pigo la pili na la nne, na ninaimba na kupiga zile nota mbili kupitia bluzi ya F mpaka muda uishe.