Kunguru Kwenye Kifuu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii Neno limenikuta nikiwa na sindano ya kroshia mkononi, na limenichoma. Zamu yangu ya kuongoza jumuiya yetu ni Jumatano hii, na nilishaandaa somo la kufariji kuhusu ndege wa angani. Nikasema safari hii sitakwenda na maneno peke yake, nitafuma kitu ambacho kina mama wenzangu watakiona kwa macho na kukishika. Nikafuma chombo cha kulishia ndege, cha kuning'iniza mtini.

Mnaojua kufuma mtanielewa. Unaanza na mnyororo wa vitanzi sita, unaufunga duara, unazunguka raundi kwa raundi ukiongeza, mpaka upate kitako kipana kama kiganja. Hapo unaacha kuongeza, unapanda na wavu wa matundu makubwa, ndege apite mwili mzima bila kujibana, na juu unamalizia na kamba nne zinazokutana kwenye fundo moja. Ndani nilikalisha nusu ya kifuu cha nazi. Nilikisugua kwa msasa, nikakitoboa matundu matatu kwa msumari wa moto ili maji yasituame, maana mtama ukilowa unaota ukungu, na nafaka yenye ukungu inadhuru ndege. Uzi nilichagua wa pamba, mnene. Wa nailoni ungevumilia zaidi mvua za masika, lakini ukishachakaa, nyuzi zake nyembamba humnasa ndege vidoleni na kumkaza mpaka mguu unakufa. Ncha zote nikazichomeka ndani. Nikatia mtama na chenga za mchele, nikatundika kwenye mwembe wetu, nikakaa barazani na daftari langu.

Siku mbili hakuja hata mmoja. Siku ya tatu akaja shomoro. Alitua ukingoni, kifuu kikayumba, akaruka. Akarudi. Akachukua punje moja, akaizungusha mdomoni, ganda likadondoka. Kufikia saa nne walikuwa sita, na chini tetere wawili wanaokota zilizomwagika. Wapendwa, nilitokwa na machozi. Nikaandika juu ya ukurasa, Mathayo 6:26: "Waangalieni ndege wa angani." Nikaona somo langu limekamilika.

Siku ya nne akaja kunguru.

Tunaoishi Dar es Salaam tunawafahamu, hawa wenye shingo ya kijivu. Si wa kwao hapa. Waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, wakaongezeka, wakavuka hadi bara, na leo hakuna dampo wala paa la soko wasilolikalia. Wanakula mayai na makinda ya ndege wadogo. Huyu hakutua kama shomoro. Alijitundika kwenye wavu kichwa chini, akauvuta uzi kwa mdomo, kifuu kikapinduka, mtama wote chini. Kisha akashuka akala taratibu. Mashomoro wakakaa juu ya waya wanatazama.

Nilitoka na fagio. Kesho yake pia, na keshokutwa. Jumamosi usiku nikauteremsha wavu, nikafumua raundi zote za juu, nikafuma upya kwa matundu membamba, upana wa vidole viwili na kidogo. Apite mdogo, mkubwa abaki nje. Nilifuma mpaka saa sita usiku, na niseme ukweli, nilifuma kwa hasira. Kila kitanzi nilikikaza.

Jumapili baada ya ibada nikaketi kumalizia somo. Nina desturi, nikitumia Mathayo huangalia na Luka amesemaje. Nikafungua Luka 12:24. Mstari huu nimeusoma tangu nikiwa mtoto wa Sunday school, lakini sikuwahi kuuona. "Watafakarini kunguru, ya kwamba hawapandi wala hawavuni, hawana ghala wala uchaga, na Mungu huwalisha."

Kwa Luka, Bwana amemtaja kunguru kwa jina. Hakuwa mgeni wa Torati. Alijua kwamba Walawi 11 imemweka kunguru, kwa aina zake zote, kati ya ndege wa machukizo. Waliokuwa wanamsikiliza nao walijua. Angeweza kuwatajia njiwa. Akamchagua yule ambaye hakuna Myahudi angemweka mezani, wala hakuna mama wa Dar anayemfurahia uani kwake, akasema mtafakarini huyu, na Mungu humlisha.

Nikaweka kalamu chini. Na Roho hakunipeleka kwa kunguru. Alinipeleka jikoni kwangu.

Nyumbani kwetu anaishi mdogo wake mume wangu. Ana mwezi wa tano sasa. Alikuja kutoka Mbamba Bay, kwao ziwani, baada ya uvuvi kumshinda, akataka kufungua genge la mboga. Mume wangu ni dereva wa masafa, wiki tatu barabarani, wiki moja nyumbani, kwa hiyo mengi ya nyumbani yako mkononi mwangu. Nilimpa shemeji mtaji, shilingi laki tatu na nusu. Pesa hiyo niliikopa kwenye kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, na akiba yangu humo iliingia kwa vitambaa vya makochi, kitambaa kwa kitambaa, macho yangu na mgongo wangu. Genge lilifika wiki ya saba. Pesa ikaishia kwenye kubeti. Alikuja mwenyewe kuniambia, amesimama mlangoni, hakukaa.

Nilimwambia nimekusamehe. Nilisema hivyo kwa mdomo, na kanisani nikatoa ushuhuda kwamba Mungu amenipa moyo wa kusamehe. Lakini nyumbani nilianza kuhesabu mayai. Nilihamisha maziwa na mkate chumbani kwangu. Unga nilikuwa naupima kwa kikombe ili nijue kama kuna aliyepika nisipokuwepo. Sikumfukuza, la, nisingeweza kumfukuza ndugu wa mume wangu. Nilipunguza matundu tu. Jioni nilikuwa napakua, naita watoto, naye simwiti. Akipita naulizia kwa sauti ya adabu, "Shemeji, utakula?" kwa namna ambayo mtu mwenye haya hawezi kujibu ndiyo. Naye kila siku jibu lake ni moja: "Mimi nimeshakula, shemeji." Nilijua hajala. Aliyetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kwenda kusimama na wanaosubiri kibarua, akarudi na viatu vyenye vumbi lakini havina saruji, amekula wapi?

Na nilikuwa na mstari wa kujikinga. 2 Wathesalonike 3:10: mtu asipotaka kufanya kazi, asile chakula. Niliushika mstari huo kama nilivyoshika fagio. Paulo alisema asiyetaka. Shemeji anataka kila alfajiri, naye anarudi mikono mitupu.

Sasa sikilizeni Bwana anavyoumalizia ule mstari wa kunguru: "Bora ninyi mara nyingi kuliko ndege!" Hapa, wapendwa, ndipo tumekosea wengi wetu, na nasema nikijihesabu wa kwanza. Hili neno "ninyi" tumelisoma siku zote kama "mimi". Mimi ni bora kuliko shomoro, basi Mungu atanilipia ada ya shule. Mimi ni bora kuliko kunguru, basi kodi ya nyumba itapatikana. Tunafarijika, tunasema amina, tunafunga Biblia. Lakini "ninyi" ni wengi. Yule ambaye sahani yake umeifunika kabla hajarudi yumo ndani ya "ninyi". Yule mtoto wa marehemu dada yako, ambaye wewe unampa ukoko na wako unawapa nyama, yumo. Dada wa kazi anayekula amesimama jikoni wakati ninyi mmekaa, mpendwa, yumo. Baba mkwe ambaye mikono inatetemeka na mmechoka naye, yumo. Bwana amemwambia kila mmoja wao kwamba ni bora mara nyingi kuliko ndege, na sisi tunawalisha kwa kipimo ambacho hata ndege hatuwapimii. Mimi nilinunua mtama kilo mbili kwa ajili ya mashomoro, na nyumbani nilikuwa nahesabu mayai.

Najua mtasema, lakini huyu wangu ana makosa ya kweli. Ndiyo, anayo. Wa kwangu alipoteza pesa ambayo bado nalipa riba yake. Na kunguru kweli anakula makinda, sikumsingizia. Mungu anajua hayo kuliko sisi, na bado Zaburi 147 inasema anawapa chakula wana wa kunguru wanaolia. Hatujaambiwa tuseme kosa si kosa. Wala Bwana hakusema tuwafuge kunguru, alisema tuwatafakari. Kuwapunguza mjini ni kazi ya wanaohusika, na sina neno nao. Kunitafakarisha ndiko alikokusudia, na nikitafakari naona kwamba orodha ya anaostahili kula haiko mkononi mwangu. Iko kwake yeye afumbuaye mkono wake na kukishibisha kila kilicho hai.

Kuna waliotaka niongelee pia Dorkasi wa Matendo 9, kwa kuwa tunashona na kufuma. Nitamgusa tu. Alipokufa, wajane walisimama wakilia na kuonyesha kanzu alizowashonea. Waliosimama pale walikuwa watu waliovaa kazi ya mikono yake. Na Eliya pale kijito cha Kerithi aliletewa mkate na nyama na kunguru, asubuhi na jioni, na hatusomi popote kwamba alikataa kwa sababu ya aliyemletea. Hayo mkayasome wenyewe 1 Wafalme 17.

Jumapili ile jioni nilipika ugali na dagaa wa nazi. Nikapakua sahani zote, na yake ya kwanza. Aliporudi nikamwambia, "Shemeji, njoo mezani." Akasema kama kawaida, "Nimeshakula, shemeji." Nikamwambia, "Najua hujala, na najua kwa nini unasema hivyo. Ni mimi niliyekufundisha kusema hivyo. Nisamehe." Alikaa kimya muda mrefu. Watoto waliacha kula wakatutazama. Kisha akanawa mikono akaketi, akala, na hakuna aliyesema jambo kubwa. Tuliongea habari za mvua.

Kuhusu ile pesa, tumekubaliana atarudisha kidogo kidogo akipata kibarua. Mtaji mwingine wa mkononi simpi kwa sasa, na sioni kuwa hilo ni dhambi. Mtu anayepambana na kubeti humsaidii kwa kumjaza noti mfukoni. Jirani yetu mzee wa kanisa ameahidi kukaa naye kila Alhamisi jioni waombe pamoja. Lakini chakula si mshahara wa tabia njema. Funguo za kabati nimezirudisha kwenye msumari wake pale ukutani, na mkate umerudi jikoni.

Jumatatu usiku nikaushusha tena ule wavu. Nikafumua raundi nilizozikaza. Uzi ulikuwa na mikunjo mikali kila pale nilipovuta kwa hasira, ikabidi niuloweke na kuutundika na jiwe ili unyooke. Nikafuma tena matundu makubwa. Mtama naweka kiasi cha asubuhi moja tu sasa, ukipinduliwa si hasara kubwa, na jioni kifuu nakiosha.

Nilikuwa sijautundika bado, nikauacha mezani. Jumanne nilipoamka ulikuwa tayari juu ya mwembe, tawi la mbali zaidi ambalo mimi siwezi kulifikia, umefungwa kwa fundo nisilolijua, fundo la wavuvi wa kule ziwani. Shemeji alikuwa ameshaondoka kutafuta kazi.

Jumatano tunakutana kwangu saa kumi jioni. Naomba mniombee, kwa sababu bado yai likipungua kwenye trei moyo wangu unaanza hesabu kabla sijauzuia. Mwombeeni na yeye apate kazi, na azishinde zile simu za mechi. Na mpendwa unayesoma hapa, kama kuna mtu nyumbani kwako ambaye kila siku anakwambia ameshakula, usilale leo kabla hujamwekea sahani.