Mashua ya Usiku wa Kumi na Nne

Wapendwa katika Bwana, Jumatatu sikuwaandikia kama nilivyozoea, kwa sababu sikuwa na uso wa kumwandikia mtu.

Mnajua kwamba mfadhili mkuu wa kituo chetu cha watoto amesitisha msaada wake. Ninyi mmejua juzi, mimi nilijua wiki tatu kabla yenu. Barua ilipofika niliisoma mara mbili, nikaikunja, nikaiweka ndani ya Biblia. Nikajiambia kwamba naiweka mbele za Bwana, kama mfalme Hezekia alivyofanya na barua ya Waashuru. Nilikuwa najidanganya. Hezekia alipanda nyumbani mwa Bwana akaikunjua barua ile. Mimi niliikunja.

Basi Jumatatu, kwenye ibada ya asubuhi, nikawatangazia wafanyakazi siku tatu za kufunga na kuomba kwa ajili ya "mahitaji ya huduma". Wote wakaitikia amina. Tulipokuwa tunatawanyika, mpishi wetu, mama aliyewapikia watoto hawa tangu kituo kina vitanda sita, akanifuata mpaka mlangoni. Akaniuliza taratibu, "Baba, kuomba tutaomba. Ila tunaombea nini hasa?"

Nikamjibu, "Mama, Mungu anajua."

Akainamisha kichwa, akarudi jikoni. Nilimtazama mgongo wake mpaka akaingia, na jibu langu likanirudia kooni kama mwiba wa samaki.

Usiku ule nilikaa mbele ya kompyuta nikimalizia barua ya kuomba kazi mahali pengine. Ndiyo, wapendwa. Mchana nimewafungisha watu, usiku natafuta pa kukimbilia. Aya ya pili ya barua hiyo ilisema kwamba nina uzoefu wa kuongoza taasisi katika nyakati ngumu. Kabla ya kuituma nikafungua somo langu la siku, maana sijawahi kulala bila kusoma Neno, na somo lilikuwa Matendo ya Mitume 27.

Habari ile tunaijua wote. Paulo ni mfungwa, anapelekwa Rumi, tufani inaishika merikebu, jua wala nyota hazionekani kwa siku nyingi. Tumezoea kuhubiri yule malaika aliyesimama karibu naye usiku akamwambia asiogope. Mimi usiku ule sikuweza kupita mstari wa 30. Ni usiku wa 14. Mabaharia wamehisi nchi kavu iko karibu, wamepima kina wakapata pima 20, wakasogea kidogo wakapata 15. Wakatupa nanga nne za tezi, yaani za nyuma ya merikebu, wakaomba kuche. Halafu watu haohao, wenye ujuzi wa bahari kuliko wote mle ndani, wakaishusha mashua majini wakijifanya wanakwenda kutia nanga za omo, yaani za mbele.

Angalieni vizuri wanavyofanya. Kwa macho ya abiria, hawa ni watu waliojitoa. Wako kazini, wanahangaika na kamba gizani wakati wengine wamejikunyata. Hakuna abiria ambaye angewashuku. Kumbe kazi ile yenyewe ndiyo pazia la kukimbia. Na tangu kuomba kuche mpaka kushusha mashua, msomaji anavuka mstari mmoja tu.

Nilifunika kompyuta. Sikuituma barua ile, lakini siwezi kujisifu kwa hilo, maana mkono wangu ulikuwa tayari juu ya kamba.

Sasa nawageukia ninyi mnaoongoza huduma, mashirika, vituo, vikundi vya wajane, kamati za hisani za makanisa. Naomba mnivumilie, nawapenda. Ndugu zangu, tumeyafanya maombi kuwa mashua yetu. Mambo yakiharibika tunaita mfungo, na mfungo ni mwema, lakini tunauita ili watu wafumbe macho wasituulize maswali. Mhasibu akileta taarifa ya benki tunamwambia awe na imani. Mjumbe wa bodi akiuliza akiba inatosha miezi mingapi tunamwona ana roho ya upinzani. Wafanyakazi wakinong'ona kuhusu mishahara tunawahubiria juu ya manung'uniko ya Israeli jangwani. Hiyo imani tunayowadai wao, sisi wenyewe tumeishusha majini zamani na tumekaa ndani yake tukipiga makasia.

Mficha maradhi, kilio humfichua. Nimeona huduma zilizofungwa kwa siku moja, walezi wakikuta mlango una kufuli, watoto wakigawanywa jioni ileile kwa yeyote aliyekubali kupokea. Wale watoto hawakuumizwa na fedha kuisha tu. Waliumizwa na miezi ambayo mtu mzima mmoja alijua na hakusema, miezi ambayo ingetosha kutafuta jamaa zao, kuzungumza na vituo vingine, kuwaandaa. Mungu atatuuliza habari ya miezi hiyo.

Na liko jaribu lingine, ambalo mhasibu wetu alinizuia nalo, Bwana ambariki. Tulikuwa na fungu lililotolewa kwa ajili ya bweni jipya la wasichana. Nilimwambia, "Mwanangu, tulipe mishahara kwa hilo, tutalirudisha." Akanyamaza kidogo, akasema, "Baba, waliotoa hawakutoa kwa mishahara. Tuwaulize kwanza." Fedha iliyotolewa kwa kazi maalumu ni amana. Paulo alipobeba mchango wa watakatifu hakuubeba peke yake. Alifuatana na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, asije mtu akamlaumu, akiangalia yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Ikiwa mtume alitaka mashahidi juu ya mfuko wa sadaka, mimi ni nani?

Nehemia naye ningependa kumsema kwa kirefu, jinsi alivyokaa liwali, yaani mtawala wa nchi ya Yuda, miaka 12 bila kula chakula cha liwali kwa kuwa watu walikuwa wamelemewa. Wakurugenzi tulisome hilo tukiwa peke yetu na mshahara wetu.

Lakini narudi kwenye mashua. Paulo alipoona, alimwambia akida na askari kwamba hawa wasipokaa ndani ya merikebu, hamtaweza kuokoka. Kumbukeni alikwisha kuahidiwa na Mungu kwamba hakuna hata mmoja atakayepotea. Ana ahadi mkononi, na bado anasema mabaharia wabaki! Mimi nilidhani mwenye ahadi hana haja ya kusumbuka na nani anafanya nini gizani. Paulo aliona kwamba Mungu aliyeahidi kuwaokoa watu 276 alikuwa amewaweka mabaharia mle ndani kwa ajili ya hao 276. Askari wakazikata kamba, mashua ikaanguka, na tangu hapo wote walikuwa na chombo kimoja.

George Müller, yule Mjerumani wa Prusia aliyewalea yatima zaidi ya 10,000 kule Bristol, Uingereza, tunamtaja kila tunapofundisha kuomba bila kumwambia mwanadamu. Ni kweli hakuwaomba watu fedha. Ila mwaka 1838, mfuko ulipokauka kabisa, aliwaita waliofanya kazi naye katika nyumba za watoto, akawaeleza hali ilivyo, akawaambia hakuna kukopa, wakaomba pamoja. Na hesabu zake alizichapisha, kila mtu akazisoma. Siri yake na Mungu haikuwa siri dhidi ya wenzake waliokuwa wakiwaosha watoto nyuso kila asubuhi.

Alhamisi nikaikunjua barua. Niliisoma yote mbele ya wafanyakazi, kisha mhasibu akasoma hesabu: akiba ya miezi miwili, fungu la bweni haliguswi mpaka watoaji waseme. Nikaungama ile barua nyingine pia. Hiyo ilikuwa ngumu kuliko zote. Mlezi mmoja alitoka nje akilia, na wawili wameniambia watatafuta kazi kwingine. Nimewaambia waende kwa amani, maana wao hawakumdanganya mtu. Mfadhili mwingine hajapatikana. Sina ushuhuda wa bahasha iliyofika usiku wa manane.

Ijumaa asubuhi nilimwomba mama mpishi aongoze maombi. Hakutumia maneno mengi. Alisema, "Bwana, tuna miezi miwili," kisha akawataja watoto kwa majina, mmoja mmoja, kuanzia wa chumba cha wadogo, na kila jina sisi tukaitikia. Alipofika kwa yule wa mwisho kupokelewa, ambaye bado hajasema jina lake kwa mtu yeyote, akasema, "na huyu, unamjua."

Jumatano bodi inakaa. Tuombeeni mambo mawili: watoaji wa fungu la bweni wajibu kabla ya siku hiyo, na wale watoto ambao jamaa zao wameanza kutafutwa wapate kupokelewa kwa moyo.