Sauti ya saa nane mchana si sauti ya saa nne usiku

Fundi wa vyombo akisikia "huku nyuma hatusikii", mkono wake hukimbilia kuongeza sauti. Mara nyingi hapo si pa kugusa. Kuanzia Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria pale Kisumu, hadi Kakamega, na huko juu Nakuru, mikutano mingi ya hadharani huharibiwa na hewa kuliko amplifaya. Bahati nzuri, hewa hiyo hubadilika kati ya mchana na usiku kwa utaratibu unaojulikana. Maelezo haya ni ya wanaokodisha vyombo, wanaosimamia sauti kanisani, na anayepanga matanga, harusi au mkutano wa injili uwanjani.

Kwanza kasi. Kwenye hewa, chukua 331.3, kisha ongeza nyuzi za Selsiasi zilizozidishwa kwa 0.606, jibu ni mita kwa sekunde. Kisumu mchana kwenye nyuzi 28 unapata 348. Nakuru usiku wa baridi kwenye nyuzi 12 unapata 339. Wapo wanaosema Nakuru sauti huchelewa kwa sababu hewa ya mita 1,850 ni nyepesi. Si kweli. Hewa ikiwa nyepesi, shinikizo lake nalo hupungua, na kwenye hesabu ya kasi viwili hivyo hufutana. Kinachobaki ni joto. Unyevu huongeza kidogo sana, usihangaike nao kwa ajili ya kasi. Tutauhitaji kwa jambo jingine.

Tofauti ndogo ya kasi kama hii, ikiwa kati ya hewa ya chini na ya juu, ndiyo inayopinda sauti. Mkokoteni ambao gurudumu moja liko kwenye lami na jingine kwenye mchanga hugeukia upande wa mchanga, kwa kuwa huko ndiko mwendo ni mdogo. Wimbi la sauti hufanya vivyo hivyo: hupindia kwenye hewa iliyo baridi zaidi. Saa nane mchana uwanja umechomwa na jua, hewa iliyogusa udongo ni ya moto na ya juu ina nafuu. Sauti inapindia juu. Kwenye mita 30 au 40 za kwanza huwezi kugundua, ila ukivuka mita 100 hivi unaanza kuingia kwenye kivuli cha sauti: spika unaiona kwa macho, lakini maneno yamekupita juu ya kichwa. Kuongeza nguvu hapo ni kuwahubiria ndege.

Upepo una kazi hiyohiyo. Karibu na ardhi huzuiwa na nyasi, watu na hema, na juu huenda kasi. Sauti inayokwenda pamoja na upepo hupindia chini kwa wasikilizaji. Inayokwenda dhidi yake huinuliwa. Watu hudhani upepo "unarudisha" sauti nyuma. Upepo wa mita 5 kwa sekunde hauwezi kurudisha kitu chenye kasi ya 348. Unachofanya ni kuielekeza juu.

Kwa Kisumu jambo hili linapangika. Nchi kavu hupata joto upesi kuliko ziwa, kwa hiyo alasiri upepo hutoka ziwani kuja mjini. Usiku nchi kavu hupoa na upepo hugeuka kuelekea majini. Mkutano wa alasiri basi jukwaa lipe ziwa mgongo, spika zitazame bara. Tatizo ni kwamba ziwa liko upande wa magharibi na kusini-magharibi, na kuanzia saa kumi watu wako watakuwa wanatazama jua. Mimi ningechagua sauti na kuwakodia hema, lakini mwenye bajeti ndiye anayeamua.

Usiku mambo yanapinduka. Jua likizama na mbingu ikiwa wazi, ardhi hupoa haraka na hewa ya chini inakuwa baridi kuliko ya juu. Sasa sauti inayopanda hupindishwa chini, hugonga ardhi, huruka, hupindishwa tena. Nakuru hali hii ni kali zaidi kwa sababu mji umekaa bondeni chini ya mlima wa volkeno wa Menengai, na usiku usio na upepo baridi huteremka na kutulia hapo. Hufikia kilele karibu na mapambazuko, ndiyo maana kipaza sauti cha alfajiri husikika mitaa ambayo mchana hakifiki kabisa. Wingu zito au upepo huivuruga hali hiyo.

Kwa hiyo vyombo vilivyopimwa saa tisa alasiri visiachwe vilivyo mpaka usiku. Giza likiingia, punguza, kisha tuma mtu atembee nusu kilomita nje ya boma akuambie anachosikia. Sheria nayo ipo: kanuni za kelele za mwaka 2009 chini ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, zinahesabu usiku kuanzia saa mbili na dakika moja, na kiwango cha makazi usiku ni desibeli 35 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Hicho ni kiwango cha chumba kimya. Ngoma yoyote ya matanga hukivuka, na swali la kweli ni unakivuka kwa kiasi gani, na kuelekea kwa nani.

Kinachomfikia jirani ni besi, yaani sauti nene. Wimbi la Hz 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, lina urefu wa karibu mita 7, hivyo ukuta wa mita mbili halioni. Huuzunguka na kuendelea. Ua wa mabati hausaidii kitu, kwani mita mraba ya mabati ina kilo 2 hadi 3 tu na uzito ndio unaozuia sauti. Ukuta wa mawe wa inchi 8 una zaidi ya kilo 300, tena lazima uwe mrefu na usiwe na mapengo.

Njia bora ni kuifuta besi inayokwenda nyuma ya jukwaa. Chukua spika mbili za besi zinazofanana, zote zitazame mbele, moja ikae mita 1.45 nyuma ya nyingine. Hiyo ni robo ya wimbi la Hz 60. Ile ya nyuma igeuze chanya na hasi, kisha icheleweshe milisekunde 4.2. Upande wa nyuma mawimbi mawili yanafika pamoja yakiwa yamepingana, yanafutana. Mbele yanafika yakikubaliana. Ukikosea na kuchelewesha ya mbele badala ya ya nyuma, utakuwa umewanyima wageni besi na kumpelekea jirani yote. Hakikisha kwa kusimama mita 10 nyuma ya jukwaa na kumwambia mwenzako awashe na kuzima ile spika ya nyuma. Ikiwashwa besi ishuke. Ikipanda, rudi kwenye waya.

Usiziweke spika za besi kulia na kushoto kwa umbali wa mita kumi, kama wengi wanavyopenda kwa ajili ya picha. Popote ambapo moja iko mbali zaidi ya nyingine kwa mita 2.9, Hz 60 inatoweka, na utaona vijana wamejazana katikati bila kujua kwa nini. Zikusanye pamoja.

Sasa umbali. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu sauti hupungua desibeli 6. Ikiwa safu ya kwanza, mita 4, inapata 100, mita 8 wanapata 94, mita 16 wanapata 88, mita 32 wanapata 82, na mita 64 wanapata 76. Watu, watoto na jenereta wenyewe hufikia 65. Ili yaeleweke vizuri, maneno yanataka nafasi ya angalau desibeli 10 juu ya kelele hiyo, kwa hiyo baada ya mita 64 umeshaanza kubahatisha. Kununua amplifaya ya wati 2,000 badala ya 1,000 kunakupa desibeli 3 tu, na wazee wa mbele wanaziba masikio.

Inua spika hadi mita 2.5 au 3 na uielekeze theluthi ya mwisho ya watu. Ikikaa usawa wa vifua, safu tatu za mbele zinameza sauti nyembamba zote. Na hizo nyembamba ndizo zenye s, t, k na f. Hapa ndipo unyevu unaingia. Kwenye nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 70, Hz 8,000 hupoteza desibeli 7.7 kwa kila mita 100 kwa kufyonzwa na hewa, juu ya zile za umbali. Kwenye nyuzi 15 na unyevu wa asilimia 20, hupoteza 20. Hz 1,000 haipotezi hata moja. Kwa hiyo hewa kavu ya Nakuru mwezi wa Januari huwafikishia wa mbali sauti iliyofunikwa blanketi, wakati jioni yenye unyevu ya Kisumu inasafisha. Usijaribu kufidia yote kwa kuongeza treble, yaani hizo sauti nyembamba. Utachoma tweeter, ile spika ndogo inayozitoa, na kuwakata masikio walio karibu.

Zaidi ya mita 40, weka spika za pili katikati ya watu na uzicheleweshe. Pima kwa tepu kutoka spika za mbele hadi za pili. Kila mita ni milisekunde 2.9. Mita 40 kwenye nyuzi 28 ni 115. Ongeza 10 hadi 15 juu yake, uweke 125 au 130. Nyongeza hiyo si mapambo: mwaka 1949 mtafiti wa sauti Helmut Haas alionyesha kuwa sikio huamini sauti iliyotangulia kufika, hata inayofuata baada ya milisekunde chache ikiwa na nguvu zaidi. Watu wataona sauti inatoka jukwaani. Ukisahau kuchelewesha, kila neno linasikika mara mbili, kwani pengo likipita milisekunde 50 hivi kwenye maongezi, sikio linaanza kusikia mwangwi. Jioni ikipoa hadi nyuzi 18, zile 115 zinakuwa 117. Usiguse.

Ndani ya kanisa la mabati adui ni mwangwi. Mwanafizikia Wallace Sabine aliuwekea hesabu kuanzia mwaka 1895 huko Harvard: 0.161 mara ujazo, gawa kwa jumla ya ufyonzaji. Chukua kanisa la mita 20 kwa 10, kimo mita 4: ujazo ni 800, na kuta, sakafu na paa jumla ni mita mraba 640. Sehemu ngumu zikifyonza asilimia 5, una 32, na mwangwi unadumu sekunde 4. Wakiingia watu 150, kila mmoja akifyonza kama 0.45, mwangwi unashuka hadi 1.3. Wakiwa 30 katika ibada ya katikati ya juma, ni 2.8. Ndiyo sababu kupima sauti Jumamosi kanisa likiwa tupu kunadanganya. Kwa ibada ya watu wachache zima spika za pembeni, tumia mbili za mbele kwa sauti ya chini, na msomaji asogeze maiki: kutoka sentimita 20 hadi 10 unapata desibeli 6 bila kugusa miksa, na maiki inaacha kulia.

Vitambaa vyembamba vilivyobandikwa ukutani havifanyi kazi kwa sauti ya mhubiri. Kitu chenye vinyweleo hufyonza vizuri zaidi kikiwa robo ya wimbi kutoka ukutani; kwa Hz 500 hiyo ni sentimita 17. Mikeka minene ya mafunjo, inayopatikana kote kando ya ziwa, itundike kwenye fremu ya mbao yenye pengo hilo, uanze na ukuta unaotazamana na spika.

Mvua ikipiga mabati yasiyo na dari, acha kushindana nayo. Na kama mko nje, hesabu sekunde kati ya umeme na ngurumo: kila tatu ni kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, shusha stendi za chuma, chomoa jenereta, waondoe watu chini ya hema na miti, waingie ndani ya jengo au magari. Subiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho kabla ya kusimamisha chochote tena.