Mpelelezi wangu ni panya buku

Leo, katika hadithi yangu ya picha ya watoto, nimemaliza kuchora ukurasa ambapo leso inapotea, na furaha niliyo nayo hainiachi nilale. Hadithi yenyewe iko Dunga, hapa Kisumu, pale omena huanikwa juani. Mama anayeuza omena ametundika leso yake nyekundu kwenye ukingo wa mashua. Anageuka kumpimia mteja, akirudi leso haipo.

Sungura nampenda, lakini ujanja wake watoto wanaujua tangu utotoni mwa bibi zao. Nimemchagua panya buku awe mpelelezi. Macho yake hayaoni mbali, ila pua! Na hiyo pua sikuitunga mimi. Kule Morogoro, Tanzania, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini, na hata kutambua kifua kikuu kwenye makohozi. Mmoja wao, Magawa, alipelekwa Kambodia akagundua mabomu na vilipuzi vingine zaidi ya 100. Mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza lilimtunuku nishani ya dhahabu, panya wa kwanza kuipata. Alikufa mwaka 2022. Kila nikimchora Buku wangu ameinua pua, masharubu yamesimama, Magawa hunijia akilini.

Buku anafuata harufu ya omena iliyoingia kwenye leso, anapita nyuma ya vibanda vya samaki, hadi kwenye shina la mti. Hapo harufu inapanda juu na macho yake hayafiki. Ndipo anapomwita kinyonga, ambaye kila jicho lake huzunguka kivyake na rangi huzitambua vizuri. Sitaki mpelelezi anayejua kila kitu peke yake.

Mwizi ni ndege aitwaye fundichuma. Aliyewahi kukiona kiota chake hatashangaa: vijiti maelfu kwa maelfu, paa juu, tope limekandikwa ndani, na mlango mdogo tu. Ni imara kiasi kwamba mtu mzima anaweza kusimama juu yake. Kisha hukirembesha kwa chochote anachookota, matambara, mifupa, vipande vya nyavu. Kijiji kizima kinamshuku kenge, maana ameonekana akitoka kwenye kiota kikuukuu tawi la pili. Maskini kenge! Yeye kahamia tu, kama kenge wengi wafanyavyo fundichuma akishahama.

Lakini kilichonikalia moyoni leo ni kidokezo. Naamini kabisa kwamba katika hadithi ya picha, kidokezo kikae kwenye picha na maneno yanyamaze. Hapo mtoto asiyejua kusoma anaweza kumtangulia mtu mzima anayemsomea, na sijui zawadi kubwa kuliko hiyo. Nimechora uzi mwekundu, mwembamba kama unywele, umenasa kwenye gome la mti. Maandishi ya ukurasa huo yanazungumzia tu kelele za ndege na harufu ya ziwa.

Jioni nilimpa mpwa wangu, ambaye bado hajaanza shule. Nikasoma polepole, nisielekeze kidole popote. Akaisogeza karatasi karibu na taa, akanyamaza, halafu: "Anti, leso imepitia kwa huu mti. Kenge hajaiba." Mama yake, ambaye alikuwa akisikiliza huku anasonga ugali, akaja kuangalia na bado hakuuona uzi mpaka alipoonyeshwa.

Sasa umebaki mwisho. Mimi naelekea kumwachia fundichuma ile leso, kwa kuwa mayai yamo kiotani. Mpwa wangu hataki hata kusikia: leso ni ya mama, irudishwe! Haki anayo. Kesho nitamchora Buku akipanda mtini na kipande cha wavu uliochakaa, akibadilishana na fundichuma, nimwonyeshe nione kama atakubali.