Eti niko likizo: siku moja ya kukamua maziwa

Saa 10 alfajiri. Hii ndiyo saa ya kuvuna. Mtoto kanyonya ziwa la kushoto, kalala. La kulia limejaa hadi linauma. Nesi wa kliniki alinieleza kwamba homoni inayotengeneza maziwa hupanda zaidi usiku, na kweli, ninachopata saa hii sikipati jioni hata nikamue mpaka vidole vife ganzi. Nanawa mikono, nawasha pampu, inaguguna kama cherehani mbovu, baba mtoto anageukia ukutani. Namimina kwenye mfuko, naandika tarehe, naweka friza.

Mimi ni keshia kwenye duka la jumla Kariakoo, na Jumatatu narudi kazini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inanipa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, wa mapacha wanapewa 100. Nilianza kuzila kabla sijajifungua, miguu ilishavimba sifai kusimama. Kwa hiyo mtoto wangu ana wiki 10 tu. Wenzangu wakipiga simu wananiuliza, "Likizo tamu?" Tamu ya wapi.

Saa 12 hadi saa 3 ni kunyonyesha, nepi, kumwogesha, uji wa pilipili manga, kunyonyesha tena.

Saa 3 na nusu ndipo kazi yenyewe inaanza. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Tanga ili abaki na mjukuu, leo anajifunza kumpa maziwa niliyokamua. Anafungua friji, anatoa kichupa cha jana, anakiinua usawa wa dirisha.

"Mwanangu, haya yamekatika."

Mafuta yamepanda juu, ya njano, na chini kuna majimaji yenye ubluu kwa mbali. Maziwa ya mama yakitulia ndivyo yanavyokuwa. "Hayajakatika mama, yamejitenga tu." Nakizungusha kichupa polepole, yanarudi kuwa kitu kimoja. Ananitazama kama nimefanya kiinimacho. Anafungua kifuniko, ananusa.

"Yananuka sabuni."

Hilo nalo nilishaambiwa: kuna kimeng'enya ndani ya maziwa kinachovunja mafuta, kwa hiyo yakikaa yanaweza kubadilika harufu bila kuharibika. Sikumtajia kimeng'enya. Nikasema nesi ndiye kasema.

"Huyo nesi ana watoto wangapi?"

Nikanyamaza. Nageuka, tayari kabandika sufuria jikoni anataka kuyachemsha, maana maziwa ya baridi yatamletea mtoto mchango. Namwomba azime. Haya hayachemshwi, unaweka kichupa kwenye bakuli la maji ya moto mpaka yawe vuguvugu, basi. Na mtoto akibakiza, yaliyobaki kikombeni yanamwagwa yakishapita masaa mawili. Hapo kwenye kumwaga alishika kifua kabisa.

Kisha ananitoa ndani, na hapo yeye ndiye mwenye haki: mtoto akinusa harufu yangu hashiki kikombe. Nakaa barazani. Analia. Nyie, hakuna aliyewahi kunionya kwamba kilio peke yake kinashusha maziwa. Naketi kwenye kigoda sijagusa kitu, gauni linalowa mbele madoa mawili, jirani anapita, "Habari za asubuhi mama," nami nimejikumbatia, "Nzuri tu."

Kikombe kina utaratibu wake. Mtoto anakaa wima, ukingo unagusa mdomo wa chini, maziwa yanafika kwenye midomo, halafu unasubiri ayalambe mwenyewe. Humimini. Mama mkwe alimimina. Nasikia amepaliwa, anakohoa, ananyamaza, analia upya. Natamani kuingia. Siingii. Mililita 60 za alfajiri zimeishia kwenye kitambaa cha shingoni.

"Sisi tuliwafunga mgongoni tukaenda nao shamba," anasema kutoka ndani, kwa sauti ya kunifikia.

Na hapo simbishii hata kidogo. Shamba halikuwa na kaunta. Sheria ileile inamtaka mwajiri aniruhusu kunyonyesha hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi, ila mimi naishi Chanika. Kwenda na kurudi tu kwa foleni za Dar saa hizo hazitoshi, sijamshika hata mkono. Ndiyo maana nakamua. Mtoto wa umri huu hunywa kama mililita 750 kwa siku nzima. Mimi nitatoka kabla hajaamka na kurudi jua limezama, piga mwenyewe hesabu ya kinachotakiwa kubaki nyumbani.

Kimya. Nikachungulia. Mama mkwe kamfunga mtoto kwa kanga niliyolalia jana, kikombe changu cha stili kakiweka pembeni, kashika kikombe cha kahawa, vile vidogo visivyo na mkono, kakitoa kwenye mzigo wake mwenyewe. Ukingo mwembamba. Ulimi wa mtoto unatoka, unarudi, unatoka. Hakuniangalia. "Ondoka mlangoni," akasema.

Mchana nililala kidogo. Au sikulala, sijui, maana umeme ulikatika na pampu yangu haina betri. Kwanza friza: asifungue mtu. Nikaazima deli kwa muuza soda, nikajaza barafu, nikahamishia mifuko yote. Mama mkwe akalifunika deli kwa kanga, si kwa ajili ya joto, kwa ajili ya macho ya watu. Poa.

Halafu mkono. Kidole gumba juu, vingine chini, nyuma kidogo ya chuchu. Sukuma kuelekea kifuani, bana, achia. Usiburuze ngozi. Ziwa hili, ziwa lile, tena hili. Mgongo unawaka, mtoto kaamka anataka hayohayo ninayoyakamua. Nikampa. Akiba baadaye.

Giza limeingia, umeme umerudi, sijui saa ngapi. Nimemtumia meneja ujumbe: saa zangu 2 nizigawe vipi, na stoo ya juu ina kufuli? Choo ni kimoja kwa jengo zima, na chakula cha mwanangu sikitayarishi chooni. Kausoma. Kajibu, "Karibu sana Jumatatu, tumekumisi."

Nimemwandikia, "Asante bosi. Na stoo?"