Gamba la kipanya, wiki ya tatu: ukuta umegoma

Wadau, nilisema wiki hii naanza kukata aluminiamu ya gamba la kipanya cha kompyuta ninalolitengeneza. Sijakata kitu.

Umbo la nje lilikuwa limekaa freshi, mgongo umeinuka kufuata kiganja, upande wa dole gumba umebonyea, lakini kila nikiiambia programu ya kuchorea itoboe ndani iache ukuta wa 2 mm inagoma, na haisemi kwa nini. Siku mbili nahangaika na setingi. Kuja kupima mkunjo wenyewe ndo nakuta pale puani nusu kipenyo ni 1.4 mm, sasa ukuta wa 2 utarudije ndani ya mkunjo wa 1.4, lazima ujipite ujikate wenyewe. Kumbe programu haina kosa, nilichora kitu kisichowezekana.

Nikapandisha hadi 2.5, ikakubali, nikafurahi kama dakika kumi hivi. Halafu nikakumbuka biti yangu ya kukatia, ya kichwa mviringo, ni ya 6 mm, yaani nusu kipenyo 3, na kona ya ndani imebaki 0.5. Haiingii ng'o! Ikabidi hesabu ianzie kwenye biti: 3, jumlisha ukuta 2, inakuja 5, nikaweka 5.5 biti isibanwe. Pua imekuwa butu kuliko nilivyotaka, basi tena.

Nikiwa hapohapo nikafumua na mgongo. Ulikuwa vipande 14 vya mchoro vilivyoshonwa, na kati ya viwili kuna mwanya wa 0.03 mm, kwa macho huuoni ila programu inashona mianya isiyozidi 0.01 kwa hiyo kwake hilo ni tobo. Unaweza kulegeza kipimo cha kushona hadi 0.05 likapotea kwenye skrini, lakini lipo, utakutana nalo kwenye njia ya biti. Nimechora upya vipande 5 tu, na ile mistari ya pundamilia, ambayo programu inaionyesha juu ya umbo ili uone kama limelainika, na ambayo zamani ilikuwa inavunjika kama goti kwenye maungio sasa inateleza moja kwa moja.

Hatua ya biti, yaani umbali kati ya mstari mmoja wa kukata na unaofuata, nimeweka 0.5 mm, matuta yanabaki kama mikroni 10, msasa utamaliza. Kwa 0.25 yangeshuka hadi robo ya hapo ila muda wa kukata mara mbili, hapana.

Kimebaki kibonde cha dole gumba, kimeingia chini ya mgongo na mashine ya kukatia ni ya mihimili mitatu (inasogea kushoto-kulia, mbele-nyuma na juu-chini tu), biti inashuka kutoka juu tu haikifikii. Kesho nachonga kishikilio cha mbao nijaribu kulilaza gamba ubavu.