Watamu hadi Malindi: Safari Inayopangwa na Maji

Wageni wengi wanaokwenda Watamu huuliza kwanza habari za malazi, kisha nauli ya mashua, na ni nadra kuuliza lile ambalo mvuvi yeyote wa pale angeanza nalo: maji yanajaa saa ngapi? Katika sehemu hii ya Kaunti ya Kilifi, bahari ikipwa huacha wazi fungu refu la mchanga na miamba ya matumbawe unayoweza kuizunguka kwa miguu, na baada ya kama saa sita mahali palepale huwa pa kuogelea. Isitoshe, maji huchelewa kila siku kwa takriban dakika 50, kwa hiyo ratiba iliyokufaa Jumatatu haitakufaa Ijumaa.

Hifadhi ya Bahari ya Watamu, iliyoanzishwa mwaka 1968, ndiyo inayodai mpango huu zaidi. Maji yakiwa yamepungua na jua likiwa juu, samaki wa matumbawe huonekana vizuri hata kwa mtu asiyejua kupiga mbizi, ilhali maji yakijaa wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, mkondo huwa na nguvu na mchanga huyachafua maji. Majira nayo yana neno lake. Wakati wa kaskazi, hasa kuanzia Desemba hadi Machi, bahari hutulia na maji huwa maangavu. Kusi huleta mawimbi na mwani mwingi ufukweni, lakini pia ndiyo majira ambayo nyangumi wenye nundu hupita, kati ya Julai na Septemba. Mimi humshauri rafiki aje wakati wa kaskazi, isipokuwa kama shabaha yake ni nyangumi.

Ghuba ya Mida ina utaratibu wa kinyume. Huko mtumbwi hupenya katikati ya mikoko maji yakiwa yamejaa, na anayekuja wakati wa kupwa hukuta tope na mizizi. Hata hivyo, wapenda ndege hulipenda tope hilo, kwa sababu ndege wanaohama kutoka Ulaya na Asia hujilisha pale katika miezi ya joto, na maji yanapoanza kupanda huwasogeza karibu na watazamaji. Upande wa Dabaso kuna mgahawa wa kikundi cha wenyeji uliojengwa kwa mbao juu ya mikoko, unaojulikana kwa kaa. Wengi husifu sambusa zake za kaa, nazo ni nzuri, ila kwa maoni yangu kaa mzima ndiye anayestahili safari, mradi mlaji awe tayari kuchafua mikono na asiwe na haraka.

Jua linapochoma na bahari imekwenda mbali, huo ndio wakati wa kuingia Gede. Magofu haya ya mji wa Waswahili, yaliyoorodheshwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2024, yamefunikwa na miti mikubwa inayoleta kivuli cha kutosha hata saa saba mchana. Utaona kasri, msikiti mkuu, visima virefu na kaburi lililoandikwa mwaka 802 Hijria, yaani 1399 Miladia. Wachimbaji walikuta humo vyombo vya kauri vya China, ushahidi kwamba waliokaa hapa hawakuwa wakulima wa porini tu. Mji uliachwa katika karne ya 17 na wataalamu hawajakubaliana juu ya sababu. Chukua mwongozo wa wenyeji, wala usibebe ndizi mkononi, kwani kima wa pale hawaombi. Jirani yake ni msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, makazi ya sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, wa aina yenye makalio ya rangi ya dhahabu. Kumwona kunataka alfajiri na subira.

Malindi ni mji wa kula kuliko wa kuogelea, hasa msimu wa mvua, kwa sababu Mto Sabaki hutiririsha udongo mwekundu baharini kaskazini mwa mji. Nguzo ya Vasco da Gama, baharia Mreno aliyefika mwaka 1498, inatosha kutazamwa kwa muda mfupi. Anza asubuhi kwa mahamri na mbaazi za nazi. Mchana tafuta samaki wa kupaka kwa wali wa nazi katika mikahawa midogo ya mji wa kale, si ya ufukweni, ambako nazi mara nyingi hupunguzwa ili kumridhisha mgeni. Waitaliano waliohamia hapa wameacha aiskrimu nzuri na tambi za kamba, na sioni aibu kuzila. Jioni, kando ya barabara, utapata viazi karai kwa ukwaju, mishkaki, na muhogo wa kukaanga uliotiwa ndimu na pilipili.

Ukifika wakati wa Ramadhani, mikahawa mingi ya Waislamu hufungwa mchana, hivyo beba maji na matunda, lakini usiondoke kabla ya magharibi, maana ndipo kaimati, tambi za nazi na mkate wa sinia hutolewa kuuzwa, na vilivyo bora huisha mapema.